Jinsi ya kutambua kipande cha muswada wa Kilatini kilichofichwa ndani ya jalada la kitabu cha kale

Maswali huja yaleyale. Mtu amefungua kitabu kilichochapwa miaka ya 1500, akakuta ndani ya jalada ngozi yenye mwandiko mweusi na mwekundu, na papo hapo anauliza: Hiki ni nini? Ni cha lini? Nikibandue? Jibu la swali la tatu ni hapana, na ulishike kabla hujagusa chochote. Mawili ya kwanza utayajibu mwenyewe ukifuata hatua zilizo hapa chini, hata kama Kilatini chako ni kidogo, na hata kama ulicho nacho ni picha tu zilizowekwa mtandaoni na maktaba ya mbali.

Kwanza ujue kipande kilifikaje hapo. Muuza karanga hufunga karanga kwa karatasi ya daftari la mwanafunzi aliyekwisha kumaliza shule. Wajalidi wa Ulaya walifanya vivyo hivyo na miswada ya Zama za Kati, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, hasa tangu mwishoni mwa karne ya 15 hadi karne ya 17. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi iliyoandaliwa kwa kuandikia haichaniki ovyo na hukunjika mara elfu bila kukatika, kwa hiyo ilifaa kuimarisha mgongo wa kitabu kuliko karatasi. Na ngozi iliyokwisha kuandikwa ilikuwa ya bei rahisi. Uchapaji ulifanya nakala za mkono zionekane zimepitwa. Matengenezo ya Kanisa, yaliyozaa Uprotestanti, yaliacha misale (vitabu vya misa) na antifonari (vitabu vya nyimbo za kanisa) bila kazi: Uingereza monasteri zilifungwa kati ya 1536 na 1540, na Sweden maofisa wa mfalme walifunga hesabu za kodi kwa kurasa za vitabu vya kanisa. Ndiyo maana nyaraka za taifa Stockholm zina zaidi ya vipande 20,000, na Maktaba ya Taifa ya Helsinki ina karibu kurasa 10,000, kwani Finland wakati huo ilikuwa chini ya Sweden. Nchi za Kikatoliki nazo hazikuachwa, kwani breviari (kitabu cha sala za kila siku za mapadre na wamonaki) mpya ya 1568 na misale mpya ya 1570 vilifanya vitabu vingi vya zamani visitumike tena altareni.

Vitu vya kuandaa

- Rula ya milimita, ya plastiki au karatasi. Ya chuma hukwaruza.
- Penseli laini. Kalamu ya wino isikaribie meza.
- Lenzi ya kukuzia mara 5 hadi 10.
- Taa ndogo unayoweza kuilaza ubavuni, isiyotoa joto.
- Kamera au simu yenye kamera nzuri, na kitu cha kuishikilia isitikisike.
- Mito miwili ya sponji ya kuegemeza kitabu, na uzito laini wa kushikilia ukurasa.
- Kipande cha karatasi nyeupe, upana wa sentimita 5 hivi, cha kuingiza nyuma ya maandishi yasiyosomeka.
- Kama ipo, taa ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365 pamoja na miwani yake ya kinga.
- Orodha ya vifupisho vya Kilatini. Kamusi ya Adriano Cappelli, iliyotoka mara ya kwanza 1899, bado ndiyo inayotumika zaidi, na imewekwa mtandaoni bure.

Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe kabisa. Glovu za pamba huondoa hisia vidoleni na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika, kwa hiyo mikono mikavu ni salama zaidi.

Mambo manne ya kutofanya

Usibandue. Kipande kilichotolewa hupoteza ushahidi wa nani alikitumia, wapi na lini, na ushahidi huo haurudi. Vipande vingi vilivyobanduliwa karne ya 19 na ya 20 leo vimelala kwenye bahasha, na hakuna anayeweza kusema vilitoka kitabu gani.

Usilowanishe, hata kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ngozi ikipata maji hujikunja, na ikipata maji pamoja na joto hugeuka gundi. Mvuke wa birika unaofungua bahasha utaiharibu ngozi hii kwa dakika chache.

Usipake dawa yoyote ya kufufua wino. Wasomi wa karne ya 19, Angelo Mai akiwa maarufu kati yao, walipaka tindikali ya galiki kwenye kurasa zilizofifia. Wakasoma kwa siku chache, kisha ukurasa ukageuka kahawia daima.

Usilazimishe kitabu kufunguka zaidi ya kinavyotaka chenyewe. Nyuzi 90 mara nyingi zinatosha. Ukisikia mgongo unalia, umeshapita.

Hatua za kazi

1. Kagua kitabu kizima kabla ya kukodolea macho kipande.
Andika namba ya kitabu maktabani, jina lake, mji na mwaka kilipochapwa, aina ya jalada na mihuri iliyopigwa kwenye ngozi ya nje. Kisha tafuta vipande mahali pote panapowezekana, maana kikiwepo kimoja mara nyingi vipo vingine. Angalia: upande wa ndani wa mbao za jalada, kurasa za mwanzo na mwisho, jalada lenyewe, ambalo huenda lote ni ukurasa mmoja wa misale uliogeuzwa nje ndani, mgongo, ambako kanda za ngozi hubandikwa kati ya kamba za kushonea, na katikati ya kila fungu la kurasa.

Hapo pa mwisho ndipo wanaoanza huparuka. Mjalidi alipita na ukanda mwembamba wa ngozi katikati ya fungu ili uzi usikate karatasi. Fungua taratibu mahali uzi unapoonekana, utaona ukanda wa milimita 10 hadi 20, pengine una herufi mbili tatu tu kwa kila mstari. Kitabu chenye mafungu 12 kinaweza kuwa na kanda 12, na zote zinaweza kuwa zimekatwa kutoka ukurasa mmoja. Chora mchoro mdogo wa kitabu, kila ukanda uupe namba yake.

2. Hakikisha ni ngozi, na ni mwandiko wa mkono.
Chini ya lenzi, upande wa ngozi uliokuwa na manyoya huwa wa njano zaidi na una vitundu vidogo vya vinyweleo. Upande wa nyama ni mweupe na laini. Karatasi ya zamani ukiielekeza kwenye mwanga huonyesha mistari ya kichungi kilichotumika kuitengeneza. Kisha linganisha herufi moja inapojirudia, tuseme "a" kumi. Za mkono hazilingani kabisa hata mwandishi awe hodari vipi; za chapa zinalingana, na karatasi imebonyea nyuma yake. Kuna kurasa zilizochapwa juu ya ngozi pia, na usizipuuze: vitabu vya kwanza kabisa vya sarufi ya Kilatini ya Donatus vilivyochapwa Mainz vimesalia hasa kwa sababu wajalidi walivikata vipande.

3. Piga picha.
Piga kwanza kitabu chote kikiwa kimefunguliwa ili ijulikane kipande kipo wapi, kisha kipande peke yake, rula ikiwa kando ndani ya picha. Picha bila rula ni nusu ya picha. Lenga piksel 400 kwa inchi au zaidi. Rudia picha mara mbili: ya pili, laza taa ubavuni karibu na usawa wa ukurasa, na mikwaruzo ya mistari ya kuongozea mwandiko itajitokeza kama matuta ya shamba jioni. Mistari hiyo utaihitaji hatua ya 8. Usibandike kitabu kifudifudi kwenye skana.

4. Pima.
Urefu kwanza, upana baadaye, kwa milimita. Pima kipande chote, kisha eneo lenye maandishi, kisha umbali kati ya mstari na mstari. Huo umbali usiupime kwa mistari miwili: pima kutoka mstari wa 1 hadi wa 11, ugawe kwa 10. Hesabu safu na mistari iliyosalia. Urefu na upana hufuata jinsi maandishi yanavyosomeka, si jinsi kitabu kilivyosimama. Wajalidi mara nyingi waliuweka ukurasa ubavu, kwa hiyo utazungusha picha robo duara.

5. Nakili unachokiona.
Anza na mistari mitatu iliyo wazi zaidi, si lazima ya juu. Nakili mstari kwa mstari. Herufi ulizofungua kutoka kwenye kifupisho ziweke ndani ya mabano ya duara. Zilizokatwa au kufutika, ndani ya mabano ya mraba.

Vifupisho vichache hivi vitakufikisha mbali. Mstari juu ya herufi humaanisha "m" au "n" imeachwa, au neno zima limefupishwa: *dns* ni *dominus*, *ds* ni *deus*, *scs* ni *sanctus*, *sps* ni *spiritus*. *Xps* ni *Christus*, kwa kuwa herufi mbili za kwanza ni za Kigiriki. Herufi "p" iliyokatwa mkiani ni *per*. Yenye kitanzi kinachorudi kushoto mkiani ni *pro*. Yenye mstari juu ni *pre*. Alama kama 7 ni *et*. Alama kama 9 mwanzoni mwa neno ni *con*, na ikiwa juu mwishoni ni *us*. Alama kama 2 iliyokatwa mkia mwishoni mwa neno ni *rum*. "q" na "b" zikifuatwa na alama kama 3 au nukta-mkato ni *que* na *bus*.

Mtego mkubwa ni vijiti. Katika mwandiko wa kigothi, ule uliobanana wa mwishoni mwa Zama za Kati, "i" ni kijiti kimoja, "n" na "u" viwili, "m" vitatu, na vyote vinafanana. Neno *minimum* ni vijiti 15 vilivyopangwa kama uzio wa fito. Usibahatishe. Hesabu vijiti, andika idadi yake pembeni, kisha jaribu maneno yenye idadi hiyo. Kosa la kawaida ni kuona neno unalolijua na kulilazimisha mahali pasipolitosha.

Tuseme ukanda wako una mstari unaosomeka *t aut dns ad abra eg*, na mistari juu ya *aut*, *dns* na *abra*. Nakala yako itakuwa: [dixi]t aut(em) d(omi)n(u)s ad abra(m) eg[redere]. Mabano ya mwanzo na mwisho usiyajaze mpaka umalize hatua ya 6.

6. Tafuta maandishi yenyewe.
Hii ndiyo hatua inayofungua mlango, na wengi huiruka wakakimbilia tarehe. Maandishi mengi utakayokutana nayo ni Biblia, liturujia, sheria, mahubiri au sarufi, na karibu yote yamewekwa mtandaoni. Chukua maneno matatu au manne yanayofuatana, yafungie ndani ya alama za nukuu, uyatafute. Chagua maneno adimu. *Dominus dixit* yatakuletea maelfu.

Kabla ya kutafuta, rekebisha tahajia. Waandishi wa Zama za Kati waliandika *e* mahali pa *ae*, *ci* mahali pa *ti*, *michi* na *nichil* badala ya *mihi* na *nihil*. Ukisoma *cognacione*, tafuta *cognatione*. Ukiona neno lina *e* ambayo huenda ilikuwa *ae*, liache, chagua jingine. Jaribu pia "u" na "v", "i" na "j".

Kwa Biblia tumia Vulgata (Biblia ya Kilatini) yoyote yenye kitafutio. Kwa nyimbo za liturujia tumia Cantus Database. Kwa maandishi mengine Corpus Corporum ya Zürich hutafuta ndani ya vitabu vingi kwa pamoja. Fragmentarium, iliyoko Fribourg nchini Uswisi, ina picha za vipande vilivyokwisha kuelezwa, na hapo unaweza kulinganisha chako na vya wenzako.

Ukishapata, usishangilie mapema. Mfano wetu uko mahali zaidi ya pamoja. Mwanzo 12:1 husema *Dixit autem Dominus ad Abram: Egredere de terra tua*. Matendo 7:3 hurudia habari hiyohiyo lakini kwa *Exi de terra tua*. Na responsorio (wimbo wa kuitikia baada ya somo) ya Dominika ya Kwinkwagesima, ya mwisho kabla ya Kwaresima, huanza *Locutus est Dominus ad Abram dicens: Egredere*. Neno *egredere* peke yake halitoshi. *Dixit autem* ndilo linalokupeleka Mwanzo. Na hata hapo, aya ya Mwanzo inaweza kuwa ndani ya Biblia, ndani ya breviari kama somo, au ndani ya ufafanuzi wa mwanazuoni aliyeinukuu. Soma mistari inayofuata. Biblia huendelea na aya ya 2. Ufafanuzi huacha aya na kuanza kueleza.

7. Tambua aina ya kitabu kwa sura ya ukurasa.
Sura ya ukurasa husema mengi hata maneno yasiposomeka.

Maandishi mekundu mafupi katikati ya meusi ni dalili ya liturujia. Ukiona *Secr* na *Postcom*, majina ya sala za misa, kwa wekundu, ni misale. Ukiona *lc* au *lectio* na namba, ni breviari au kitabu cha masomo. *R* na *V* zilizokatwa ni responsorio na mstari wake. Namba za masomo zitazame kwa makini: makanisa ya kawaida yalikuwa na masomo 9 katika masifu ya usiku ya sikukuu, wamonaki 12. *Lectio* ya 10, 11 au 12 inakuambia kitabu kilikuwa cha monasteri. Angalia pia ukubwa wa herufi: ndani ya misale na breviari, maneno ya kuimbwa huandikwa madogo kuliko sala na masomo. Hilo si kosa wala si mwandishi wa pili.

Ukiona muziki na herufi *euouae* mwishoni mwa wimbo, usivunjike moyo kutafuta neno hilo kwenye kamusi. Ni irabu za *seculorum amen* zilizotolewa peke yake ili mwimbaji ajue zaburi imalizike kwa sauti ipi, na huelekeza kwenye antifonari au breviari yenye nota. Wazee Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliosali Misa ya Kilatini kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960 wanaweza kuyatambua maneno mengi ya misale kuliko mwanafunzi wa chuo. Ukiwa na babu au bibi wa namna hiyo, mwonyeshe picha.

Safu mbili katikati zilizozungukwa pande zote na maandishi madogo ni kitabu cha sheria na glosa yake, yaani maelezo ya pembeni. Kwa sheria za Kirumi, *ff* ni marejeo ya Digesta na *C* ni Codex ya Justinian; kwa sheria za Kanisa, *extra* ni Dekretali za 1234, na namba kama *xxiii q iiii* ni Decretum ya Gratian.

8. Kadiria tarehe.
Tarehe ya jalada si tarehe ya kipande. Hilo ni kosa nambari moja. Jalada la 1560 linaweza kubeba ukurasa wa karne ya 10 ubavuni mwa ukurasa wa karne ya 15. Kusanya dalili kadhaa, zisipungue tatu, ndipo utaje karne.

Mistari ya kuongozea: iliyokwaruzwa kwa ncha kavu bila rangi huelekeza karne ya 12 au kabla, ya risasi ya kijivu huanza kuenea karne ya 12, ya wino ni ya kawaida tangu karne ya 13. Mstari wa kwanza wa maandishi: ukikaa juu ya mstari wa kuongozea wa juu kabisa, kipande huenda ni cha kabla ya 1230 hivi, ukikaa chini yake, ni baada. Mazoea hayo yalibadilika wakati huo hasa Uingereza, na kwingineko kwa tofauti ya miaka. Herufi: "e" yenye mkia mdogo chini, badala ya *ae*, hupotea kufikia mwisho wa karne ya 12. Tumbo la "d" na "e", au "b" na "o", vikishikana na kutumia ukuta mmoja, upo karne ya 13 au baadaye. Alama ya *et* iliyo kama 7 iliyokatwa katikati ni ya baadaye kuliko isiyokatwa. Muziki: nota zinazoelea bila mistari ni za zamani kuliko za mraba juu ya mistari minne.

Jihadhari na mambo mawili. Mwandiko wa kigothi wa Italia ni wa mviringo, na wengi huudhania wa karne ya 11. Tazama kushikana kwa herufi, usitazame uduara. La pili, vitabu vya liturujia hushikilia mwandiko wa zamani kwa muda mrefu, basi taja karne au nusu karne, usitaje mwaka.

9. Hesabu ukubwa wa ukurasa ulivyokuwa.
Ukishajua maandishi, unaweza kujua kilichokatwa. Tuseme kipande kina safu mbili na chini kimekatwa. Chukua neno la mwisho la safu ya kwanza na neno la kwanza la safu ya pili, uyatafute kwenye maandishi kamili, uhesabu herufi zilizo kati yake. Tuseme ni 416. Sasa chukua mistari mitano mizima ya kipande, fungua vifupisho vyote, uhesabu herufi zake na kupata wastani, tuseme 32. Gawa 416 kwa 32, unapata mistari 13 iliyopotea. Umbali kati ya mistari ukiwa milimita 7, safu ilikuwa ndefu zaidi kwa milimita 91.

Ukisahau kufungua vifupisho kwenye ule wastani, hesabu yote itazidi, maana utakuwa unalinganisha herufi za mwandishi aliyebana na herufi za maandishi yaliyonyooshwa. Na njia hii ifanye tu pale juu ya kipande pakiwa pazima. Kama kimekatwa juu na chini, idadi unayopata ni jumla ya mistari iliyopotea pande zote mbili.

Hapohapo utajua upande upi ni wa mbele: ule wenye maandishi yanayotangulia. Kama upande mmoja umegandishwa kwenye ubao na hauonekani, andika hivyo, usibuni.

10. Tafuta ndugu zake.
Mjalidi akinunua kitabu kizima cha ngozi, anakikata kwa miezi au miaka. Majirani wa kipande chako wako kwenye vitabu vilivyojalidiwa karakana ileile. Tafuta rafuni vitabu vyenye mihuri ileile ya ngozi, mmiliki yuleyule wa mwanzo, na miaka inayokaribiana. Kwenye hesabu za kodi za Sweden, tafuta wilaya ileile na mwaka unaofuata. Vinavyothibitisha undugu ni vinne pamoja: mkono uleule, idadi ileile ya mistari na safu, umbali uleule kati ya mistari, na maandishi yanayofuatana. Kimoja peke yake hakitoshi. Kanda za mgongo unaweza kuziunganisha kwenye programu ya picha kwa kutumia rula uliyopiga nazo. Herufi iliyokatwa nusu kwenye ukanda wa 3 ikapata nusu yake kwenye ukanda wa 7, hiyo ni hakika.

11. Andika maelezo.
Fuata mpangilio huu: namba ya kitabu kibebaji, mahali na mwaka wa kuchapwa, kipande kilipo na kazi yake ndani ya jalada, ngozi au karatasi, vipimo, safu na mistari, mistari ya kuongozea, aina ya mwandiko, karne na nchi unayoikadiria, kitabu gani na sehemu gani, ukitaja maneno ya kwanza na ya mwisho yanayosomeka kwa kila upande, hali yake, na kama kipo mahali pake bado. Mfano wa sentensi moja: "Ukanda wa mgongo, ngozi, milimita 31 kwa 148, mistari 5 ya safu moja, mistari ya kuongozea ya risasi, kigothi, karne ya 13, Biblia, Mwanzo 12:1 hadi 12:4, upande wa pili hauonekani." Panapo shaka, weka alama ya kuuliza karibu na neno lenye shaka, si mwisho wa sentensi nzima.

Mambo yanapokwama

*Maandishi yapo kinyume.* Huenda kipande chenyewe hakipo. Ngozi iliyogandishwa na baadaye kubanduliwa huacha wino wake kwenye ubao, kama mhuri. Geuza picha kushoto kuwa kulia kwenye simu, usome kama kawaida. Liandike kama alama iliyoachwa, usiliandike kama kipande.

*Wino umefifia kabisa.* Wino wa zama hizo ulitengenezwa kwa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma. Chini ya urujuanimno ngozi hung'aa na wino huo hubaki mweusi, hivyo herufi zilizopotea hurudi. Vaa miwani, zima taa za chumba, piga picha mara moja uzime. Kama hakuna taa hiyo, ingiza picha kwenye programu, uzitazame rangi moja moja. Ya buluu mara nyingi huonyesha zaidi.

*Maandishi ya upande wa pili yanajitokeza na kuchanganya.* Kwa ukurasa ulio huru, ingiza ile karatasi nyeupe nyuma yake.

*Hakuna kinachopatikana kwenye utafutaji.* Punguza maneno hadi mawili, badilisha tahajia, kisha mashaka yako yaelekeze kwenye nakala yako: karibu kila mara kosa ni vijiti vilivyohesabiwa vibaya, au *per* iliyosomwa *pro*. Mpe mtu mwingine picha bila kumwonyesha ulichosoma.

*Ukanda una nusu ya herufi tu, juu au chini.* Nusu ya juu ya mstari husomeka vizuri kuliko ya chini. Anza na mistari iliyokatwa chini.

*Kuna mwandiko mwingine hafifu chini ya huu.* Ngozi ilikwanguliwa na kuandikwa mara ya pili. Piga picha kwa mwanga wa ubavu na wa urujuanimno, ukome hapo, umwite mtaalamu.

*Maandishi yako ndani kabisa ya mgongo, hayafikiwi.* Kamera nyembamba ya waya inaweza kupita kwenye uwazi wa mgongo kama uwazi upo wenyewe. Kama haupo, usiutengeneze. Chuo Kikuu cha Leiden kiliwahi kusoma vipande vilivyofunikwa kwa kupima madini ya wino kwa eksirei, bila kufungua jalada. Andika tu mahali kilipo ili wenye vifaa hivyo wakikute.

*Kipande kimekwisha kubanduka chenyewe.* Usikirudishe kwa gundi. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na tindikali, andika juu yake kwa penseli namba ya kitabu na mahali hasa kilipotoka, piga picha ya alama kilizoacha kwenye ubao, na bahasha ikae pamoja na kitabu mpaka fundi wa uhifadhi akione.